Ngazi ya Mjomba Punguzo

Mafundi rangi wako wa aina mbili: wanaobandika tepu ukutani kabla ya kuvuta mpaka wa rangi, na wasioihitaji. Brashi alikuwa wa aina ya pili, tena alijijua, tena hakuona sababu ya kuficha. Alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye sauti ya kufika nyumba ya tatu, na mkono wa kulia ambao ukishika brashi ya inchi mbili ulitulia kama maji ya mtungini. Alianza pembe moja ya dari, akabana pumzi, akavuta mstari hadi pembe ya pili bila kuinua mkono. Wenye nyumba waliokuja kumsimamia waliishia kusimama tu, midomo wazi.

Jina lile alipewa na mafundi wanaume mwaka wake wa kwanza kazini, kwa dhihaka, maana walidhani hatamaliza wiki. Akalichukua akaliandika kwenye ndoo zake zote. Siku zile zile msimamizi mmoja alimwita mbele ya watu "mpishi aliyepotea njia". Brashi alichovya brashi yake, akaendelea na kazi. Miaka mitatu baadaye msimamizi huyo akamfuata mezani akila chakula cha mchana, akambembeleza ampakie nyumba rangi kabla ya harusi ya bintiye. Brashi alimsikiliza mpaka mwisho, akangoja wakwe waliofuatana naye wasogee karibu, kisha akasema, "Mzee, mpishi hapaki rangi." Akaendelea kula.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimtupia jiwe, halirushi siku hiyo hiyo. Analiokota, analiweka.

Mumewe alikuwa fundi viatu, akifanya kazi kwenye kibaraza cha vyumba vyao viwili, mtu mpole kiasi kwamba majirani walisema akitoboa soli huiomba radhi kwanza. Walioana kama chumvi na maji; yeye akiyeyusha, mkewe akikoleza.

Sasa, pale njia panda kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, kuanzia misumari hadi matangi ya maji, na mwenyewe aliitwa Mjomba Punguzo. Hakuna aliyekumbuka ni mjomba wa nani. Kila mteja kwake alikuwa "mpwa wangu", na kila bei aliyoitaja aliimalizia kwa kuinamisha kichwa na kunong'ona, kana kwamba ni siri ya ukoo, "Lakini kwa wewe, punguzo." Watu walicheka, walinunua. Brashi naye alikuwa mpwa wa siku nyingi.

Alipopata kazi ya nyumba ya ghorofa, yenye ukumbi wa dari ndefu, ngazi yake ya mbao ilikuwa imeliwa na mchwa mguu mmoja. Akaenda kwa Mjomba. Wakamtolea ngazi ya aluminiamu ya kukunjua, ya miguu minne, inayong'aa.

"Inabeba kilo ngapi hii?" aliuliza Brashi. "Mimi si kuku."

"Macho unayo, mpwa wangu. Soma."

Ubavuni kulikuwa na lebo ya manjano, kubwa kama kiganja: KAZI NZITO. KILO 150.

"Unaweza kupanda na mumeo mgongoni," alisema Mjomba, na duka zima likacheka, Brashi akiwa wa kwanza. Akalipa kwa simu. Alipoomba risiti akaambiwa kitabu kimekwisha, apite kesho. Hakupita. Ukimwita mtu mjomba, utamdai karatasi?

Wiki ya tatu, asubuhi ya Jumamosi, alikuwa juu ya ngazi ile kwenye ukumbi, mkono wa kushoto kopo la lita nne, wa kulia brashi, akimalizia ukingo wa dari. Chini hapakuwa na mtu ila fundi bomba aliyekuwa bafuni akikaza koki. Brashi alisikia mlio mdogo, tak, kama mtu aliyevunja njiti ya kibiriti. Kipago alichokikanyaga kikamkimbia. Alikumbuka baadaye kwamba jambo la kwanza alilofikiri ni rangi: itamwagika yote, na ni ile ya kuchanganywa. Kisha sakafu ya saruji ikampokea kwa nyonga ya kushoto, na mkono wa kulia, ule mkono, ukajikunja chini yake.

Fundi bomba alitoka mbio, spana bado mkononi. Aliona kipago kimening'inia upande mmoja, pini zake za ribiti zimechomoka kama meno mabovu. Hakujua la kufanya ila kuita gari, na lilipochelewa akatoa simu yake akapiga picha: ngazi, kipago, mwanamke, rangi. "Sikuwa na akili yoyote," aliwaambia watu baadaye. "Mikono ilitaka kazi tu."

Hospitali walimtia chuma nyongani na kumfunga mkono plasta. Daktari, kijana asiyejua kuzunguka, alimwambia atatembea, ila mguu mmoja utakuwa mfupi kidogo. Mkono utashika kijiko, utashika simu, lakini kifundo hakitageuka tena kama zamani. Na kupanda ngazi asahau.

"Kwa muda gani?" aliuliza Brashi.

"Mama, nimesema usahau."

Siku ya tatu mumewe alikwenda dukani. Hakwenda kudai kitu; hakuwa mtu wa kudai. Alikwenda kuonya kwamba ngazi zile ni mbovu, wengine wasije wakaumia. Aliporudi, Brashi alimwona usoni kwamba kuna neno amelimeza.

"Alisemaje?"

"Alitoa pole."

"Baba watoto. Alisemaje?"

Fundi viatu hakuwahi kuujua uongo hata wa adabu. "Nilimkuta na wateja. Akasema nikupe pole. Halafu akasema, ndiyo dunia, mpanda ngazi hushuka."

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Akacheka?"

"Watu walicheka, si unajua watu."

"Sijauliza watu."

"Akacheka."

Brashi akageukia ukuta. Hakulia. Alikuwa amelia siku mbili kwa ajili ya nyonga na mkono, na sasa machozi yalikauka ghafla kama lipu juani. Mahali pake pakaingia kitu kingine, baridi na kigumu, ambacho hakikumwuma hata kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke alikula chakula chote cha hospitali, akaomba na cha jirani aliyekataa kula.

Fundi bomba alipokuja kumtazama, alivuta kiti karibu, akashusha sauti. "Dada, kuna vijana pale stendi. Wakimkuta Mjomba anafunga duka, dakika tano tu. Sema neno."

Brashi alilifikiria. Tusimsingizie utakatifu: alilifikiria kwa raha, akaliona tumbo kubwa la Mjomba likibiringika kwenye vumbi, akalirudia mara mbili tatu kama mtu anayemung'unya peremende. Kisha akatikisa kichwa.

"Kipigo kinapona. Mimi sitapona. Namtafutia kitu kisichopona." Akamkazia macho. "Ngazi iko wapi?"

"Bado iko kule ukumbini."

"Kailete nyumbani kwangu leo. Usiikunje, usiifute rangi, usiguse pale ilipovunjika. Ifunge shuka."

Kesho yake gari la Mjomba Punguzo lilifika kwenye ile nyumba ya ghorofa na ngazi mpya inayometa, eti amewatuma vijana wake wabadilishe ile mbovu bure, kwa moyo wa utu. Walikuta doa la rangi tu. Brashi alipoambiwa alicheka hadi nyonga ikamkanya. Mtu asiye na kosa hafukuzii chuma kibovu. Mjomba alijua jambo.

*

Brashi aliporudi nyumbani, ngazi ilikuwa imesimamishwa kati ya kabati na kitanda, imefunikwa shuka la maua kama bibi harusi. Mumewe aliizunguka kwa ubavu kila alipotaka shati.

"Tunaishi na mbaya wako chumbani," alinung'unika.

"Mbaya wangu yuko dukani. Huyu ni shahidi wangu."

Wiki hiyo Mjomba alikuja mwenyewe. Alikuja na kikapu cha matunda, shati limepigwa pasi, na uso wa msibani. Alikaa kwenye kochi, likalia chini yake.

"Mpwa wangu! Nimekosa hata usingizi."

"Pole," alisema Brashi. "Mimi wananipa vidonge."

Mjomba akazungumza maneno ya udugu, akataja Mungu, akataja ajali ni kazi ya shetani. Kisha akatoa bahasha na karatasi moja iliyopigwa chapa. Bahasha, alisema, ni mkono wa pole. Karatasi ni utaratibu tu wa ofisi, sahihi ndogo pale chini.

Brashi aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Karatasi ilisema amepokea pole, ameridhika, na hatakuwa na dai lolote, yeye wala warithi wake, kuhusu ngazi wala kuanguka. Na kwamba ngazi ataikabidhi.

"Mjomba, mkono wangu umefungwa plasta. Nitasaini vipi?"

"Hata dole gumba, mpwa wangu."

"Na nikikataa?"

"Naongeza kidogo. Kwa wewe..."

"Usiseme."

"...punguzo," alimalizia Mjomba, kwa mazoea, hata yeye mwenyewe akashtuka. Fundi viatu akainama kutafuta kitu kisichokuwepo chini ya meza.

Brashi alimrudishia karatasi. Matunda aliyabakiza. "Haya nitakula," alisema, "maana hayana sahihi."

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la kutoa fotokopi, ngazi ishirini na mbili za saruji. Brashi alizihesabu kutoka chini, ameegemea mkongojo wake, akatukana. Wakili alisikia, akashuka mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi. Wakakaa kwenye benchi kando ya mashine ya fotokopi, na kesi nzima ikaanzia pale.

"Unataka nini?" aliuliza wakili.

"Nataka afilisike. Nataka akipita watu wamcheke."

"Hilo si dai, hiyo ni dua. Mimi naweza kukutafutia fidia. Yakifuata mengine ni bahati yako. Ngazi mnayo?"

"Inalala nami."

"Vizuri. Umeokoa nusu ya kesi. Wengi huiuza kama chuma chakavu, halafu wanakuja kwangu na kovu tupu. Kuanzia leo isiguswe na mtu, hata wewe. Risiti?"

"Alisema kitabu kimekwisha."

"Ulilipaje?"

"Kwa simu."

"Basi ujumbe wa malipo ndio risiti yako. Vyeti vya hospitali?" Brashi akatoa mfuko wa plastiki uliovimba. "Picha za siku ile? Nani aliona? Kwa mwezi ulikuwa ukipata kazi ngapi?" Maswali yakaja kama mvua ya mawe. Wakili akaeleza kwamba fidia haipimwi kwa ukubwa wa kilio. Inapimwa kwa jeraha lenyewe na kama litabaki. Kwa kazi ambayo mtu hataweza tena kuifanya. Kwa ushahidi kwamba kitu kilikuwa kibovu tangu dukani na hakikuharibikia mikononi mwako. Na sheria ina saa yake: ukilala nayo miaka, mlango unafungwa. "Mtu wa mshahara analeta karatasi ya mshahara. Wewe utaleta nini?"

"Nitaleta kuta," alisema Brashi.

"Andika orodha ya nyumba ulizopaka miaka mitatu hii, na wenyewe waje waseme. Sasa swali la mwisho, na usinidanganye. Ulikuwa umesimama kipago cha ngapi?"

Brashi akatazama mashine ya fotokopi. "Cha pili."

"Kutoka chini?"

"Kutoka juu."

Wakili akavua miwani. "Kila ngazi ya namna ile ina onyo kwamba vya juu kabisa visikanyagwe."

"Kila fundi anakanyaga! Dari ilikuwa ndefu, ningepaka kwa dua? Na nani aliniona? Nitasema nilikuwa cha nne."

"Kilichong'oka ni cha ngapi?"

Brashi akasogeza mkongojo wake kando.

"Ngazi yenyewe itakusuta," alisema wakili. "Njia ya mwongo ni fupi, na yako ni vipago viwili tu. Utasema kweli. Hakimu atakukata sehemu, kwa uzembe wako. Lakini ukinaswa kwa uongo mmoja, kweli zako tisa zote zitanuka."

Brashi alikwenda nyumbani amefura. Kwamba Mjomba apunguziwe hata ukucha kwa sababu ya mguu wake yeye, lilikuwa kama kumwona anacheka mara ya pili.

*

Ile miezi ya kulala ubavu mmoja ndiyo iliyompa zawadi. Asubuhi jua lilipoingia dirishani, upepo ukilisogeza shuka, lilimulika ubavu wa ngazi kwa mshazari. Mtu mwingine angeona lebo ya manjano. Brashi aliishi maisha yake yote akitazama tabaka za vitu: rangi juu ya rangi, lipu juu ya ufa. Aliona kwamba katikati ya lebo ile kuna mwinuko, mstatili mdogo, kingo nne zimejichora chini yake kama mfupa chini ya ngozi. Kulikuwa na lebo nyingine chini.

Alijiburuta mpaka ukingoni mwa kitanda. Ukucha ukafika kwenye kona. Ukagusa. Kona ilikuwa imeanza kulegea. Kuvuta kidogo tu, na angejua. Alikaa hivyo muda mrefu, jasho likimtiririka mgongoni, kisha akaurudisha mkono, akaukalia, akampigia wakili simu kwa mkono wa kushoto.

"Umeibandua?"

"Sijaibandua. Lakini njoo haraka, mimi ni binadamu."

Wakili akaomba mahakama iteue mkaguzi wa viwango, na lebo ifunguliwe mbele ya pande zote. Wakati huo huo fundi bomba alitumwa dukani kununua ngazi nyingine ya shehena ile ile, na safari hii alisimama kaunta mpaka kitabu cha risiti kikapatikana.

Siku ya kesi, chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni moja, madawati ya kukwaruza. Ngazi mbili zilisimama mbele, moja nzima, moja imening'iniza kipago. Wakili wa Mjomba alikuwa kijana mwenye suti ya kubana na ulimi mtamu. Alianza na kipago.

"Ulisimama cha pili kutoka juu. Kweli si kweli?"

Brashi akamwangalia Mjomba, aliyekuwa ameketi mikono juu ya tumbo. Neno "cha nne" lilikuwa pale pale kwenye ulimi. "Kweli," alisema.

"Mama, samahani kwa swali hili. Una kilo ngapi?"

Watu wakaguna. Brashi alihisi masikio yakiwaka moto. Akaliokota na hilo, akaliweka. "Hospitali walinipima themanini na nane."

"Pamoja na kopo la lita nne! Mheshimiwa hakimu, mimi nasema tu kwamba ngazi ni ngazi, si nguzo ya daraja." Wachache walicheka. Mjomba alitabasamu kichinichini.

Zamu ya Mjomba ilipofika, alikuwa mtamu kama asali. Ngazi zake ni imara, alisema. Miaka kumi hajapata lalamiko. "Hata mimi mwenyewe huzipanda dukani, kila siku."

Wakili wa Brashi akainuka, akaiendea ile ngazi nzima, akaifungua miguu. "Hii umeiuza wewe mwenyewe, risiti hii hapa. Lebo yake inasema kilo mia na hamsini. Wewe una kilo ngapi, mzee?"

"Siku hizi... labda mia na kidogo."

"Basi uko chini ya kiwango chake. Uko tayari kuipanda mbele yetu? Si mpaka juu. Cha tatu tu kutoka chini, urukeruke kidogo."

Wakili wa suti akapinga kwa sauti, na hakimu akasema mahakama haimlazimishi mtu kupanda kitu chochote. "Sijamlazimisha, mheshimiwa," alisema wakili wa Brashi. "Nimemuuliza kama yuko tayari."

Macho yote yakamwendea Mjomba. Naye aliitazama ngazi, kuanzia chini mpaka juu, kipago kwa kipago. Akatoa leso, akafuta shingo. Akasema goti lake la kulia lina baridi yabisi. Akasema viatu vyake vinateleza. Akasema na leo hajanywa chai.

"Kwa hiyo hauko tayari."

"Si kwamba..."

"Mwandishi aandike kwamba hakuwa tayari."

Brashi aliikaa dakika ile kama mtu anayekaa juani baada ya homa. Alitamani isiishe. Alimtazama Mjomba machoni mpaka mzee yule akashusha macho yake sakafuni, na hapo ndipo alipohisi, kwa mara ya kwanza, kwamba Mjomba naye ameanguka.

Lakini ya lebo ilikuwa bado. Mkaguzi akaja na chupa ya tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, na pamba. Brashi akaruka kwa mguu mmoja mzima. "Usitie tina! Itakula wino wa chini. Kitambaa cha maji ya moto, ukikandamize, uvute taratibu kutoka kona ya kulia." Hakimu akamwangalia, akamwangalia mkaguzi, akaitikia kwa kichwa. Birika likaletwa kutoka ofisi ya karani. Mkaguzi akakandamiza, akavuta, na lebo ya manjano ikatoka nzima kama ganda la kidonda kilichoiva.

Chini yake palikuwa na lebo ndogo nyeupe, maneno ya kigeni, mchoro wa mtu anayebadilisha taa ya dari, na tarakimu ambayo haikuhitaji mkalimani: 75.

Wakafungua na ile ya pili. 75.

Chumba kililipuka. Wakili wa suti aliyeuliza kilo za watu alijikuta anapanga karatasi zake zilizokwisha kupangwa. Mjomba alianza kusema ni wa bandarini, ni dereva, ni karani aliyeacha kazi. Kila aliyemtaja alikuwa mbali.

*

Hukumu ilichukua miezi mingine. Hakimu alisema ngazi ilikuwa dhaifu kwa kazi iliyouzwa kuifanya, na aliyebadilisha lebo hawezi kumsukumia lawama mtengenezaji aliye ng'ambo ya bahari. Ahadi ya kilo mia na hamsini ilikuwa ya duka, na duka lijibu. Alizitaja nyumba kumi na tisa ambazo wenyewe walikuja kusema juu ya mkono wa Brashi. Mmoja aliiletea mahakama picha ya dari yake. Akasema mkono wa fundi ni shamba lake, na aliyeliharibu hulipa mavuno ya miaka, si ya msimu mmoja. Kisha, kama wakili alivyotabiri, akakata fungu moja katika matano, kwa sababu ya kipago cha pili. Ngazi zote zilizobaki dukani zikakusanywa na ofisi ya viwango.

Wakili alimkumbatia. Brashi alibaki mkavu. "Fungu moja katika matano," alisema. "Hilo fungu amelichekelea."

"Dada, umeshinda."

"Nimeshinda. Lakini niache ninune."

Baada ya wiki mbili Mjomba alikuja tena nyumbani. Hakuleta matunda. Alifuatana na mkewe, mama mmoja mwembamba aliyekaa mkao wa kutaka kuondoka, na kaka mkubwa wa fundi viatu, aliyeombwa aje kama mzee wa ukoo. Shemeji mtu akaanza kwa mbali, akapita kwenye ujirani, akafika kwenye subira. Mjomba anaomba alipe kidogo kidogo, kwa miaka sita. Akilipa kwa mkupuo kama mahakama ilivyosema, itabidi duka liuzwe.

"Mpwa wangu," alisema Mjomba, na sauti yake safari hii haikuwa na sukari. "Duka lile nimelijenga miaka ishirini na sita. Nilianza na misumari kwenye karai."

Fundi viatu alimtazama mkewe kwa macho ya mtu anayeomba bila kusema. Hata shemeji alisogea mbele.

"Mjomba," alisema Brashi, "siku mume wangu alipokuja kwako, hakuja kudai. Alikuja kukuambia watu wasiumie. Ungefunga duka dakika moja ukaja hospitali, mimi ningekusamehe, maana nilikuwa mpumbavu na nilikuwa nakupenda. Ulimwambia nini?"

Mjomba alitazama mkewe. "Sikumbuki."

"Nakukumbusha?"

"...Mpanda ngazi hushuka," alisema Mjomba kwa sauti ya chini.

"Sikusikia."

"Shemeji, basi," alisema kaka mtu.

"Sikusikia, Mjomba."

Akalirudia kwa sauti, mbele ya mkewe. Yule mama mwembamba, ambaye inaonekana hakuwahi kulisikia, aligeuza uso akamtazama mumewe kana kwamba amekutana naye siku ile.

"Uza duka," alisema Brashi.

Walipoondoka, fundi viatu alirudi kibarazani akashika kiatu, akakaa nacho bila kukishona. Mwishowe alisema bila kugeuka, "Mke wangu, huna hata tone la huruma?"

"Ninalo. Nimemwekea atakayeliomba kabla ya kushitakiwa."

"Na moyo umetulia?"

Brashi alijifikiria kwa haki, kama mtu anayepima rangi kwenye ndoo. "Mguu unauma. Mkono hauna kazi tena. Lakini moyo, ndiyo, umetulia. Usinisikitikie hapo."

Duka liliuzwa kabla mwezi haujaisha. Kwa fidia yake Brashi alikodi chumba cha mbele barabarani, akanunua mashine ya kuchanganya rangi, na sasa hukaa kwenye kiti kirefu akiwachanganyia mafundi rangi zao na kuwatukana kwa mistari yao mibovu. Akiuza kitu chenye lebo, husoma kwa sauti kwanza, kisha humpa mteja asome naye. Mjomba Punguzo huonekana mara moja moja akipita upande wa pili wa barabara, amepungua mwili. Mara mbili amemwamkia. Brashi alimsikia mara zote mbili, akaendelea kukoroga.